Vitabu vya Parokia na Nasaba za Bonde la Kilombero

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Walikusudia biashara, lakini neno lao linafaa pia kwa ukoo. Katika visiwa na miji ya pwani zimo nyumba ambazo silsila yake imetunzwa kwa karatasi, jina juu ya jina, hadi Hadhramaut au Omani. Zimo pia nyumba nyingine, jirani kabisa na hizo, ambazo nasaba yake hukomea kwa bibi mmoja aliyeletwa kutoka bara angali mtoto, asiyekumbuka tena jina la kijiji chake. Tofauti ya nyumba hizi mbili si tofauti ya damu, kwa kuwa kila mja ana babu, na babu yake ana babu. Tofauti ni kwamba upande mmoja alikuwapo mtu wa kuandika, na upande wa pili hakuwapo.

Jambo hili huonekana wazi zaidi mahali ambapo maandishi yaliingia katika siku ambazo bado zinakumbukwa. Bonde la Kilombero, katika mkoa wa Morogoro, ni mahali pa namna hiyo. Upande wa kaskazini-magharibi imesimama milima ya Udzungwa. Upande wa kusini-mashariki imeinuka milima ya Mahenge. Katikati unapita mto ambao nyaraka za zamani zinauita Ulanga, na ambao ukikutana na Luwegu huzaa Rufiji. Masika yakikolea mto hufurika, mbuga zikageuka ziwa, na watu wakapita kwa mitumbwi juu ya mashamba yao wenyewe. Ifakara, mji mkubwa wa bonde hilo, umekaa karibu na mahali palipokuwa na kivuko. Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga, walikuwapo tangu zamani. Wambunga waliingia kutoka kusini katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wabena wa mabondeni walikuwa chini ya watema wa ukoo wa Kiwanga, na Wapogoro walikaa zaidi upande wa milimani. Watu hawa walioana, walipigana, walihamiana. Na katika yote hayo hapakuwa na daftari.

Hii si kusema kuwa hawakujua nasaba zao. Wazee walizijua, na walizitaja palipokuwa na sababu ya kuzitaja: katika tambiko, katika mazishi, katika shauri la mahari au la shamba. Lakini kumbukumbu ya kinywa ina desturi zake. Humshika mwanzilishi wa ukoo, shujaa, mganga mkuu, na mtu aliyeacha ugomvi usiokwisha. Huwaacha wake waliokufa mapema, watoto waliozikwa kabla ya kuota meno, na wageni waliopokewa nyumbani wakafanywa ndugu. Kalamu za kwanza za wageni nazo zilifuata mkondo huohuo. Mwaka 1935 afisa wa serikali ya Kiingereza, A. T. Culwick, pamoja na mkewe G. M. Culwick, walichapisha kitabu juu ya Wabena wa bonde hili, na ndani yake imo sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Ni kitabu chenye manufaa makubwa kwa mwenye kutaka habari za watema. Mjukuu wa mpiga kasia aliyewavusha watema mtoni hana budi kutafuta kwingine.

Pa kutafuta pako, ingawa wengi hawapadhanii. Katika kabati za ofisi za parokia yamo madaftari makubwa yenye mistari iliyopigwa wima, yaliyojazwa na mapadri wa Kijerumani, kisha wa Kiuswisi, kisha wa Kitanzania. Ni vitabu vya ubatizo, vya kipaimara, vya ndoa na vya wafu. Havikuandikwa ili mtu apate nasaba yake. Viliandikwa ili Kanisa lijue roho zake ni ngapi na zi katika hali gani. Hata hivyo, kwa maelfu ya wakulima wa kawaida wa bonde hili, ndiyo maandishi ya kwanza yaliyowahi kuwataja kwa majina.

Kazi hii ya kuwatafuta wazee katika vitabu vya kanisa ina historia ndefu mahali pengine, na Uingereza ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iwe na kitabu, na kila juma kasisi aandike humo waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Kitabu kilitakiwa kutunzwa katika sanduku lenye kufuli mbili, funguo zikagawanywa kati ya kasisi na wasimamizi wa kanisa. Watu walinung'unika, wakihisi kuwa hesabu hiyo ilikuwa mlango wa kodi mpya. Vitabu vya mwanzo vilikuwa vya karatasi na viliharibika upesi, basi mwishoni mwa karne ya 16 ikaamriwa vinakiliwe juu ya ngozi, hasa kuanzia mwaka 1558 alipoanza kutawala Malkia Elizabeth. Neno hilo "hasa" liliwapa wanakili wavivu ruhusa ya kuiacha miaka 20 ya mwanzo, na hadi leo koo nyingi za Kiingereza hukwama mwaka huo wa 1558. Lakini uamuzi wa pili wa wakati uleule ulikuwa wa hekima: kila mwaka nakala ya maandishi ya parokia ipelekwe kwa askofu. Mahali pengi ambapo kitabu kiliungua au kililiwa na panya, nakala ya askofu ndiyo iliyobaki.

Kutokana na utaratibu huo, mjukuu wa kibarua wa shamba katika kijiji kisicho na sifa yoyote cha Uingereza anaweza kurudi nyuma vizazi 10 au zaidi. Hapati hadithi kubwa. Anapata tarehe tatu za mtu: ya maji, ya pete na ya kaburi. Mara nyingi, katika vitabu vya zamani zaidi, hapati hata jina la mama, kwa kuwa kasisi aliona jina la baba linatosha. Nasaba za mabwana ziliandikwa tangu kale, kwa kuwa mabwana walikuwa na ardhi ya kurithisha. Kitabu cha parokia kilimwandika bwana na kibarua katika ukurasa mmoja, mmoja chini ya mwenzake, kwa wino uleule.

Kanisa Katoliki lilifika penye wazo hilohilo kwa njia yake. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliwaagiza maparoko kuwa na vitabu vya ubatizo na ndoa, na mwaka 1614 kitabu cha ibada cha Roma kikaongeza kingine, kiitwacho cha hali ya roho, ambacho huwaandika watu kaya kwa kaya. Amri hizo ndizo zilizovuka bahari katika masanduku ya wamisionari. Mwaka 1902 Wabenediktini wa Sankt Ottilien, kutoka Bavaria, walianzisha misheni ya Kwiro, juu milimani, karibu na boma la Wajerumani la Mahenge. Kutoka huko kazi ilishuka bondeni hadi Ifakara.

Miaka mitatu tu baadaye vilizuka vita vya Majimaji. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Kimbunga na Kipogoro walilishambulia boma la Mahenge, wakaanguka kwa wingi mbele ya bunduki za rashasha. Baada ya mapigano Wajerumani walichoma vijiji na chakula, na njaa ikamaliza kazi iliyoachwa na risasi. Waliokufa kusini mwa nchi katika vita hivyo na njaa yake hukadiriwa kuwa makumi elfu, na wapo wanahistoria wanaotaja watu 250,000 hadi 300,000. Karibu wote walikufa bila jina lao kuwahi kuguswa na wino. Haujapita muongo mmoja, vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Mahenge ilikuwa ngome ya Wajerumani hadi ilipotekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Oktoba 1917, na Wabenediktini wa Kijerumani wakaondoshwa. Mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi walikabidhiwa vikarieti ya Dar es Salaam, ambayo bonde hili lilikuwa sehemu yake. Mwaka 1964 likaundwa jimbo la Mahenge, na mwaka 2012 jimbo la Ifakara. Mtafutaji hana budi kuyajua mabadiliko hayo, kwa maana ndiyo yanayomwonyesha mlango wa kubisha. Babu aliyezaliwa karibu na Ifakara huenda alibatizwa na padri wa Kwiro; barua zinazozihusu siku zake za utoto huenda ziko Sankt Ottilien, au katika hifadhi ya Wakapuchini mjini Luzern.

Je, mstari mmoja wa kitabu cha ubatizo una nini ndani yake? Sheria ya Kanisa inataka jina la mbatizwa, majina ya baba na mama, ya msimamizi, ya aliyebatiza, na mahali na siku ya ubatizo. Kwa muda mrefu lugha ya maandishi hayo ilikuwa Kilatini, hivyo mjukuu anayefungua kitabu hukutana kwanza na ukuta. Lakini ukuta huo ni mfupi. Maneno yanayorudiwa hayazidi 30: mwana wa, binti wa, amezaliwa, nimembatiza, msimamizi, katika hatari ya kufa. Mtu mwenye subira huyajua kwa siku moja, na baada ya hapo husoma kurasa kwa kurasa.

Kitu cha kwanza cha thamani katika mstari huo ni safu ya wazazi. Wengi wa waliobatizwa katika miaka ya mwanzo walikuwa watu wazima, waliofundishwa dini kwa muda mrefu kabla ya kumwagiwa maji. Padri alipomwuliza mtu mzima wa mwaka 1925 baba yake ni nani na mama yake ni nani, alijibiwa kwa majina ya watu waliozaliwa kabla ya boma, kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya Majimaji. Wazazi hao hawakukiona kitabu wala hawakujua kuwa kipo. Wengine walikuwa wamekwisha kufa porini kwa njaa. Kwa hiyo kitabu kilichoanza na misheni kinafika nyuma ya misheni, na kumwingiza mtu ambaye hakuna afisa, hakuna msafiri wala mwanahistoria aliyemtaja. Kwa koo nyingi za bonde safu hiyo ndiyo mwisho wa maandishi, na hapo ndipo kinywa cha mzee kinapopokea.

Cha pili ni majina yenyewe. Mapadri waliandika kwa masikio na tahajia ya kwao. Mjerumani aliyeandika "Ssongea" kwa Songea na "Dschagga" kwa Chaga aliyaandika majina ya watu kwa mkono huohuo, akiweka j mahali pa y, na w mahali pa v. Mswisi aliyemfuata aliandika alivyosikia yeye, na padri wa Kiafrika aliyekuja baadaye akasahihisha bila kueleza. Baba mmoja anaweza kuonekana kwa tahajia tatu katika ubatizo wa watoto wake watatu. Anayetafuta kwa macho tu atawahesabu kuwa akina baba watatu. Anayetafuta kwa sauti, akilitamka kila jina kwa Kindamba, Kimbunga au Kipogoro, atamtambua mmoja.

Majina ya watakatifu nayo yana habari za kutoa kwa mwenye kuyasikiliza. Maurus, Placidus na Otilia yanabeba harufu ya Wabenediktini. Fidelis na Felix ni watakatifu wapendwao na Wakapuchini. Teresia wa Mtoto Yesu alitangazwa mtakatifu mwaka 1925, na Konrad wa Parzham, bawabu wa monasteri yake wa miaka mingi, mwaka 1934. Hivyo mzee asiyejua mwaka wa kuzaliwa kwake, lakini akaitwa kwa jina lililoingia midomoni mwa watu baada ya sherehe hizo, ana dalili mkononi, ingawa si ushahidi. Jina la kigeni ambalo wengine huliona kuwa kovu la ukoloni linaweza kuwa, kwa mjukuu, kalenda ndogo.

Cha tatu ni pambizo. Kanisa linaamuru kwamba kipaimara, ndoa na mabadiliko mengine ya hali ya mtu yaandikwe pembeni mwa mstari wake wa ubatizo, hata kama yametokea mbali. Parokia iliyofungisha ndoa huiarifu parokia iliyobatiza. Ndiyo sababu kijana aliyebatizwa bondeni, akaondoka kwenda mashamba ya mkonge ya Morogoro au kazi za bandarini Dar es Salaam, akanyamaza miaka yote, huweza kupatikana tena katika mwandiko mwembamba wa pembeni: alioa siku fulani, mahali fulani, na mwanamke fulani. Kwao walimlilia kama aliyepotea, na pambizo likawa limemwona.

Hata hivyo kitabu hakiaminiki chote, na asiyekijua udhaifu wake ataumia. Tarehe ya ubatizo si tarehe ya kuzaliwa, na umri wa mtu mzima mara nyingi ulikadiriwa kwa kumtazama. Mwenye maumivu zaidi ni udhaifu wa pili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilisema kuwa mtoto wa nje ya ndoa ataandikiwa jina la baba ikiwa tu baba mwenyewe amelitaka, kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili, au ikiwa kuna hati ya serikali inayothibitisha. Vinginevyo itaandikwa kuwa baba hajulikani. Kwa kipimo hicho, ndoa ya kimila iliyotolewa mahari yote na kushuhudiwa na koo mbili haikuwa ndoa ya Kanisa. Hivyo iliwezekana mtoto aliyelelewa kwenye paja la baba yake aandikwe kuwa hana baba, na mjukuu wa leo asome neno la Kilatini lenye kumvunjia heshima bibi yake. Neno hilo halimhukumu bibi. Linaonyesha tu kipimo cha mwandishi. Kijiji kizima kilimjua yule baba "asiyejulikana," na kazi ya mtafutaji ni kwenda kumwuliza aliyebaki wa kijiji hicho kabla hajaondoka.

Wako pia wasiomo kabisa. Uislamu ulifika bondeni kwa njia za biashara kutoka pwani, na Ifakara imekuwa na Waislamu wengi kwa muda mrefu. Hao hawabatizwi, wala hawaandikwi. Lakini hata wao hupita pembeni mwa kitabu: kama baba wa mwanamke aliyeolewa na Mkristo, kama mjomba aliyetoa idhini, kama mume katika ndoa ya mseto iliyohitaji ruhusa ya askofu. Familia nyingi za Ifakara zina misalaba na kofia katika picha moja ya ukutani. Mtafutaji wa Kiislamu anayedhani kwamba kitabu cha misheni hakimhusu huenda asijue kuwa jina la babu wa babu yake limo humo, kwa sababu ya shangazi mmoja.

Na wamo wengine ambao hawamo mahali pengine popote. Mtoto mchanga akiwa mahututi, sheria inamruhusu mtu yeyote kumbatiza, hata asiye padri. Makatekista, masista na wauguzi walifanya hivyo, kisha wakampelekea padri habari. Padri aliandika jina, mara nyingi moja tu, majina ya wazazi, na yale maneno ya Kilatini yenye maana ya "katika hatari ya kufa." Baada ya siku chache kunaweza kuonekana msalaba mdogo pembeni. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa jambo la kila nyumba. Malaria haikuchagua, na mbuga za mafuriko zilikuwa makao ya mbu. Watoto hao hawakuacha shamba, wala mke, wala kaburi lenye alama. Mama zao wamekwisha kufa. Hesabu ya kinywa haiwataji, kwa maana hawakuzaa mtu wa kuwataja. Mstari mmoja katika daftari ndio ushahidi pekee kwamba waliwahi kuitwa. Mtu anayehesabu watoto wa bibi yake, akiambiwa siku zote kuwa walikuwa watano, na akawakuta saba kitabuni, hawezi kumfikiria tena bibi huyo kama alivyomfikiria jana.

Njia ya kufanya kazi hii haiwezi kuwa ile ya Uingereza moja kwa moja. Mwingereza hufuata jina la ukoo kama mtu afuataye kamba. Katika bonde la Kilombero, kama sehemu nyingi za nchi, mtu huandikwa kwa jina lake, la baba na pengine la babu. Kizazi kinachofuata jina la mwisho limeanguka, na kamba imekatika. Kinachofuatwa hapa ni mnyororo, pete kwa pete: mtoto kwa baba, baba akiwa mtoto kwa baba yake, na kila pete ithibitishwe kwa mama, kwa msimamizi na kwa kigango. Msimamizi hasa asidharauliwe. Mara nyingi alikuwa shangazi au rafiki wa nyumba, na akirudia kuonekana katika watoto wa mama mmoja huwa ni dalili kuwa mama huyo ni yuleyule.

Pia watu hawakukaa mahali pamoja. Katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza ilikusanya vijiji kwa sababu ya malale. Katika miaka ya 1970 vikaja vijiji vya Ujamaa, na katika miaka hiyohiyo reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ikapita bondeni na kuleta watu wa kila mkoa. Kijiji kinachotajwa kitabuni huenda leo ni pori, au jina lake limehamia ng'ambo ya mto pamoja na watu wake. Ramani ya jambo hilo haiko dukani. Iko kichwani mwa mzee anayeweza kusema, "Hapo palikuwa na miembe ya fulani."

Serikali haikuziba pengo hili mapema. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikuwagusa Waafrika wengi, na kwa miongo kadhaa cheti cha ubatizo kilibaki karatasi pekee ya wazee wengi. Hata baada ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, kuanzishwa mwaka 2006, mtu aliyechelewa kusajiliwa bado alikitumia cheti hicho kama mojawapo ya vielelezo vya kuzaliwa kwake. Mirathi, pensheni na pasipoti zimetegemea mstari ulioandikwa na mtu aliyekuwa akihesabu roho.

Ifakara ina daftari jingine pia, la zama mpya. Rudolf Geigy, mwanasayansi wa Basel, alifika huko mwaka 1949, na kutokana na kazi yake ilizaliwa maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kuanzia mwaka 1996 watafiti wake waliwaandika wakazi wa vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, wakizitembelea kaya mara tatu kwa mwaka kuuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Ni kitabu cha hali ya roho kilichorudi kwa vazi la sayansi, na matunda yake, hasa katika elimu ya vyandarua, yameokoa watoto wengi. Lakini majina yake yamefichwa kwa haki, ili kulinda siri za watu. Daftari la sayansi linajua ni watoto wangapi walikufa na kwa ugonjwa gani. Daftari la parokia linajua mmoja wao aliitwa nani.

Kwa hiyo hatari inayovikabili vitabu hivi si jambo la mapadri peke yao. Unyevu wa bonde, mchwa, mafuriko, wino uliofifia na gundi iliyoachia haviulizi dini. Uingereza ilijifunza somo hilo kwa hasara, na tangu mwaka 1978 sheria ya kanisa lake inataka vitabu vya zamani vipelekwe katika hifadhi za nyaraka za wilaya, isipokuwa parokia iweze kuvitunza kwa masharti magumu. Kanisa Katoliki nalo lilikuwa na dawa yake: sheria ya 1917 iliagiza kila mwaka nakala ya vitabu vya parokia ipelekwe kwa askofu, na sheria ya mwaka 1983 bado inaagiza vitabu vya kale vitunzwe kwa uangalifu. Amri ipo. Zinahitajika kabati kavu, kamera, na vijana wawili watatu wenye subira na Kilatini cha maneno 30.

Nakala peke yake, hata hivyo, itaokoa nusu. Nusu ya pili haiko kabatini. Ni mzee anayejua kuwa jina lililoandikwa kwa tahajia tatu ni la mtu mmoja. Bibi anayejua baba "asiyejulikana" alikuwa nani, na kwa nini padri hakumwandika. Mvuvi anayejua kijiji kilihamia wapi maji yalipopanda. Karatasi inaweza kungoja mwaka mmoja zaidi ikiwekwa pakavu. Mzee hawekwi pakavu. Mwenye kutaka nasaba yake katika bonde hili aanze kwake, na daftari afunguliwe nalo mkononi wakiwa wawili, mmoja akisoma na mwenzake akisema, "Huyo ninamjua."